Nyumba Zilizoupa Upepo Kisogo

Jina la Fundi Kisogo lilitolewa na mpishi wa kambi, na lilitolewa kwa dhihaka. Wakati huo mwenye jina alikuwa bado mwanamke kijana, mwashi pekee wa kike katika kampuni iliyolima ngano kwenye tambarare ile, na ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kujenga nyumba yake mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya kwanza ya matofali mahali ambapo wengine wote waliishi katika mabanda ya mabati. Mlango aliuelekeza mashariki, kama ulivyokuwa mlango wa nyumba aliyozaliwa, ili jua la asubuhi limkute sebuleni. Jua lilimkuta, lakini upepo ulikuwa umeshatangulia. Tambarare ile haina kilima wala msitu wa kuuzuia. Huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, umebeba vumbi la nchi nzima mgongoni, na ukikuta mlango wazi haupigi hodi. Asubuhi ya kwanza familia ilikunywa uji wenye mchanga. Asubuhi ya pili mume wake, fundi wa matrekta ya kampuni, aliuonja, akautema taratibu kando, akauliza kwa upole wake wa siku zote, "Mke wangu, leo umetia sukari au saruji?"

Mkewe alichukua mwiko, akauziba mlango ule kwa matofali, akatoboa mwingine upande wa magharibi. Mpishi alipopita na kuukuta ukuta wa mashariki mtupu kutoka pembe hadi pembe, hauna mlango, hauna dirisha, hauna hata tundu la kuchungulia, aliwaita wenzake.

"Njooni muone. Fundi kagombana na upepo, sasa kaupa kisogo."

Walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina likaganda. Hata hivyo, kicheko hakikuishi muda mrefu. Msimu wa upepo mkali ulipowadia, mabanda ya mabati yalilia usiku kucha na mengine yakang'oka mapaa, ilhali ndani ya nyumba ya matofali taa ya mafuta iliwaka bila ulimi wake kutikisika. Wa kwanza kuja kubisha hodi alikuwa mpishi yuleyule, kofia mkononi.

"Fundi, na mimi nijengee kisogo."

Hivyo ndivyo kijiji kilivyozaliwa. Nyumba zilijengwa moja baada ya nyingine katika mstari mmoja, zote zimekaa kama watu walioketi kuota jua la jioni, migongo imeelekea mashariki na nyuso zimeelekea magharibi. Mbele ya milango ile kulikuwa na uwanja uliofagiliwa, kisima chenye pampu, na njia ya magari iliyokwenda mjini sokoni. Fundi Kisogo alizijenga zote kwa mikono yake. Shule ya chumba kimoja, iliyokuja baadaye watoto walipokuwa wengi, aliijenga vivyo hivyo, na siku ilipofunguliwa mwanafunzi mmoja aliulizwa madirisha yako wapi, akajibu kwamba yako upande wa watu.

Kampuni haikukaa. Mvua zilikataa misimu kadhaa mfululizo, na asubuhi moja malori yalikuja kuyabeba matrekta, mabati, matangi na hata milingoti ya taa. Wafanyakazi wengi walipanda juu ya mizigo na kwenda zao. Waliosalia ni wale wenye nyumba za matofali, kwa sababu nyumba ya matofali haipakiwi kwenye lori. Walifuga, walilima mtama palipokuwa na ngano, wakauza maziwa mjini. Mume wa Fundi Kisogo alipata kopo la rangi ya buluu lililosahauliwa karakanani, rangi ya matrekta, akaupaka mlango wa nyumba yao. Ulikuwa mlango pekee uliopakwa rangi katika kijiji kizima, na hata baada ya mwenye brashi kufariki dunia, rangi ile haikubanduka. Rangi ya trekta, alikuwa akisema mjane wake kwa fahari, haikutengenezwa kwa ajili ya kukaa kivulini.

Miaka ilikwenda, ikaja barabara mpya ya lami. Wahandisi waliikwepa njia ya zamani kwa sababu udongo wa upande wa magharibi ni mweusi na mzito, na mvua ikinyesha hugeuka gundi. Wakaipitisha mashariki, mahali palipoinuka kidogo. Wanakijiji waliifurahia sana barabara hiyo. Walizoea kuzunguka nyuma ya nyumba zao, kuinua mkono, kusimamisha basi na kwenda wanakokwenda. Hakuna aliyewaza kwamba kwa mara ya kwanza katika historia yao dunia ilikuwa ikiwapita kwa nyuma.

Kisha mwalimu wa shule alistaafu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ofisi ya elimu ilikuwa na mwalimu mwingine tayari, jambo ambalo lenyewe lilikuwa neema. Ofisa alimpigia simu Fundi Kisogo, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, akamuuliza mgeni atapatambuaje mahali penyewe, kwani kijiji hakikuwa na kituo wala kibao barabarani.

"Mwambie ashuke penye mlango wa buluu," alisema Fundi Kisogo. "Tambarare yote hii hakuna mlango mwingine wa buluu. Hawezi kupotea."

Mwalimu hakufika. Walimsubiri hadi basi la mwisho likapita, wakamsubiri kesho yake, na siku iliyofuata ofisa alipiga tena, sauti imepungua uchangamfu.

"Mama, mwalimu wako alikwenda hadi mwisho wa safari na kurudi, macho dirishani. Hakuona mlango wa buluu. Konda kamwambia hapo ni maghala ya kampuni iliyofunga, hakai mtu."

"Basi mwalimu huyo haoni rangi."

"Anasema hakuona mlango wa rangi yoyote ile, mama." Ofisa aliendelea kwa sauti ya mtu asiyependa anachokisema. "Huyo nimeshampeleka shule nyingine. Ninaye mmoja tu aliyebaki, atakuja wiki ya kufungua shule, siku yoyote atakayopata nafasi ya basi. Naye akipita, nitawahamishia watoto bweni la mjini. Siwezi kuweka shule mahali ambapo walimu hawapaoni."

Habari ilimfikia binti wa Fundi Kisogo kabla simu haijapoa. Binti huyu aliishi nyumba ya pili na wanawe, wa kwanza akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Fundi alipoingia alimkuta akipanga nguo za watoto, za baridi huku na za shule huku.

"Unakunja za nini?"

"Mama, siwapeleki bweni watoto ambao bado nawafunga vifungo. Shule ikifungwa nitapanga chumba mjini, nihame nao. Na si mimi peke yangu. Kila mwenye mtoto amesema hivyohivyo."

"Na mimi?"

"Wewe tutakuchukua."

"Nikakae kwenye chumba cha kupanga, cha mtu ambaye hata timazi haijui?" Fundi aliushika ukuta wa nyumba ya binti yake kwa kiganja, kama mtu anavyomshika ng'ombe wake ubavuni. "Weka hizo nguo kabatini. Mwalimu atafika."

"Atafika vipi, mama?"

"Hilo niachie."

Kusema kweli, hakujua bado. Lakini hakuwa mtu wa kungoja kujua ndipo aseme.

Aliyejitokeza kwanza na mpango alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtunza pampu ya kisima, mtu mrefu mwembamba ambaye kwa maneno yake mwenyewe alikuwa amebaki kijijini kwa sababu upepo ulishindwa kumpata. Alisema ataweka kibao. Alichora jina la shule kwenye kipande cha bati, akakipigilia juu ya nguzo kando ya barabara, na upepo ukakichukua alasiri hiyohiyo. Kilionekana baadaye kimeezeka banda la mbuzi la jirani, ambaye alikataa kukirudisha kwa hoja kwamba kimemfuata mwenyewe. Baada ya hapo shemeji aliamua kusimama barabarani na kusimamisha kila basi. La kwanza lilisimama.

"Panda, mzee," konda alimwambia.

"Sipandi. Naangalia kama umetuletea mwalimu."

La pili nalo lilisimama, na la tatu. La nne lilikuwa ni lile la kwanza likirejea, na konda alitoa kichwa dirishani bila gari kupunguza mwendo.

"Babu, hili ni basi, si kabati. Hatufungui ili uchungulie."

Shemeji alirudi amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. "Wale watu wana dharau," alimweleza Fundi Kisogo, akajikung'uta mlangoni. "Na sasa wakiniona wanakanyaga mafuta. Nimekuharibia, shemeji. Hata mimi mwenyewe nikitaka kusafiri itabidi nivae gauni."

Fundi Kisogo alikuwa hasikilizi. Tangu simu ile, kulikuwa na jambo moja lililokuwa likimkera kama jiwe ndani ya kiatu. Mtu hawezi kukosa kuuona mlango wa buluu. Alijivika kitambaa kichwani, akatoka, akazunguka nyumba na kuelekea barabarani. Njia hiyo alikuwa ameipita mara zisizohesabika, lakini siku zote alipokuwa akienda kupanda basi uso wake ulikuwa umeelekea barabara, na alipokuwa akirudi alikuwa akiinamisha kichwa na kuitazama mizigo yake. Safari hii alivuka lami, akasimama upande wa pili, akageuka, akajilazimisha kutazama kama mgeni aliyeketi dirishani.

Aliona kuta. Kuta ndefu za kijivu zilizosuguliwa na mchanga, safi, zimenyooka, nyumba baada ya nyumba, hazina mlango, hazina dirisha, hakuna kamba ya nguo, hakuna kuku. Moshi wenyewe ulikuwa ukisukumwa na upepo upande wa pili, usionekane. Alitafuta mlango wake wa buluu kwa macho, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba uko mbele. Mbele ya nani? Kwa miaka yote aliposema mbele alimaanisha mbele ya nyumba, na haikumjia kabisa kwamba mbele ya nyumba ni nyuma ya barabara. Wala haikumjia mtu mwingine yeyote. Kamati nzima ilikuwepo aliposema kwenye simu "mlango wa buluu", na kamati nzima iliitikia kwa kichwa kwamba amesema vizuri. Konda hakuwa amedanganya. Yalikuwa maghala matupu, tena yaliyojengwa kwa ustadi.

Alicheka peke yake kando ya lami, kicheko kilichomtoa machozi, na upepo ukayakausha kabla hayajafika mashavuni. Kisha akarudi nyumbani akipima kwa macho urefu wa ukuta wake.

"Shemeji," alisema, "tuutoe mlango tuupeleke nyuma."

Mtunza pampu alidhani amesikia vibaya. "Nyuma wapi?"

"Mashariki."

"Fundi Kisogo unataka kutoboa kisogo?" Aliketi kwanza. "Mtu akitobolewa kisogoni akili zinamwagika."

"Usihofu. Chako kilitobolewa zamani na hatujaona kitu kumwagika."

"Sawa, nicheke, lakini nisikilize. Chora mlango. Rangi ipo, chini ya kopo kumebaki rangi. Upake ukutani, buluu tupu, upana wa mlango. Atakayepita ataona buluu atashuka. Upepo utabaki nje, na wewe utabaki na ukuta wako."

Lilikuwa wazo zuri, na Fundi Kisogo, ambaye hakuwa na tabia ya kudharau wazo zuri kwa sababu ya mdomo lilikotoka, alilifikiria kwa dakika nzima. "Atashuka, ndiyo," alisema hatimaye. "Halafu atabisha hodi ukutani. Mwalimu wa watu aanze kazi kwa kubisha hodi ukutani, basi limeshaondoka? Tulimwahidi mlango. Atakuta mlango."

Kazi ilianza asubuhi. Binti alikuja akasimama na mikono kiunoni, akamtazama mama yake akiuondoa mlango wa magharibi katika bawaba zake na kutundika pazia la gunia mahali pake, kwani upande huo haukuwa na upepo wa kuogopa.

"Mama, huu ukuta uliujenga ukiwa na mimi tumboni. Uliniambia hautaguswa."

"Niliuziba nikiwa na wewe tumboni. Kabla ya hapo kulikuwa na mlango papo hapo." Aligonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, akagonga tena. "Unasikia? Hapa ni kipande nilichojazia. Linta ya mlango wa zamani, ule mhimili wake wa juu, bado iko juu yake. Nyumba hii haianguki, mwanangu. Inakumbushwa tu."

Waliuegemeza ukuta kwa mihimili, naye akaanza kung'oa tofali kwa patasi kutoka juu kwenda chini. Tofali la kwanza lilipotoka, upepo ulipiga mluzi kupitia tundu, ukazima jiko na kuangusha picha ya marehemu. Fundi aliiokota, akaifuta, akaiweka kwenye droo kifudifudi. "Nawe kaa humo kidogo," aliiambia, "mlango wako unasafiri."

Kilichowasumbua zaidi kilikuwa kuusimamisha mlango wima. Upepo uliichezea timazi, ile kamba yenye kipande cha risasi ya kupimia wima, kama paka na uzi. Kila mara Fundi alipoinama kuipima, risasi ilikuwa imeshakwenda kushoto. Aliagiza ndoo ya maji, akaiacha risasi izame ndani, na kamba ikatulia kana kwamba imeambiwa jambo. Shemeji aliyeishika ndoo aliuliza kama na yeye akizamishwa humo atatulia. Alijibiwa kwamba ndoo ni ndogo.

Kisha lilikuja swali la bawaba. Milango yote aliyowahi kuiweka ilifungukia ndani. Mlango wa kufungukia ndani, ukielekea upepo, ungekuwa ukifunguka wenyewe kutwa nzima na kuleta jangwa mezani. Aliugeuza, akaufunga ufungukie nje, ili upepo wenyewe uusukume na kuubana kwenye fremu.

"Kwa miaka yote nimeupa kisogo," alisema, akikaza parafujo ya mwisho. "Sasa nimeuajiri. Utanishikia mlango."

Jioni wanakijiji wote walizunguka nyuma ya nyumba kuja kutazama. Walivuka barabara kwa zamu, wakasimama upande wa pili na kugeuka, na kila aliyegeuka alipigwa na butwaa kwanza kwa kuta zake mwenyewe, kisha kwa ule mlango wa buluu katikati yake. Jirani mwenye mbuzi aliangalia kwa muda mrefu kuliko wengine. "Nyumba yangu nimeishi ndani yake maisha yangu yote," alisema, "na leo ndiyo naiona. Inatisha." Aliuliza kwa sauti ya chini kama Fundi angekuwa na nafasi wiki inayofuata, dirisha dogo tu.

Wiki ya kufungua shule ilianza. Siku ya kwanza mabasi yalipita bila kusimama, na usoni mwa binti kulikuwa na lile swali ambalo hakutaka kuliuliza. Nguo za watoto hazikuwa zimerudi kabatini. Zilikuwa juu ya kitanda, hazijaenda kabatini wala safarini. Siku ya pili, Fundi Kisogo alikuwa ameketi sebuleni akimenya viazi, kisu kinakwenda bila yeye kukitazama, aliposikia injini ikibadilisha sauti. Basi lilipunguza mwendo, likapita, na likaendelea kupunguza. Kisha likasimama mbele kidogo na kuanza kurudi kinyumenyume, na sauti ya konda ikasikika ikipinga kwamba hapo pana maghala tu, na sauti ya mwanamke, tulivu, ya mtu aliyezoea kurudia jambo hadi lieleweke, ikijibu kwamba maghala hayana milango ya buluu.

Fundi hakuinuka. Aliisikia mizigo ikishushwa, basi likiondoka, nyayo zikikaribia. Tangu nyumba ile igeuzwe, hakuna mtu aliyewahi kubisha kutoka upande huo.

"Hodi."

"Karibu, mwalimu. Vuta kwa nguvu, upepo umenishikia mlango kwa huko nje."

Mlango ulisita, ukafunguka, na mwalimu akaingia pamoja na vumbi lake, kijana, kitambaa cha kichwa kimehamia begani, kicheko kimemjaa. "Shikamoo mama. Niliambiwa nitafute mlango wa buluu, nikadhani wananitania."

"Marahaba, mwanangu. Aliyetaniwa ni yule wa kwanza. Wewe umekuta mlango."

Binti alikuwa amefika kwenye pazia la magharibi, amesimama, mkono umeshika gunia. Alimtazama mwalimu kutoka viatuni hadi usoni, akamsalimu, akauliza kama amechoka au angependa kuiona shule kwanza. Mwalimu alisema shule kwanza. Wakaondoka pamoja, na kabla hawajafika uwanjani Fundi Kisogo alimsikia binti yake akiwaita wanawe kwa sauti kubwa, waje wavae nguo za shule, zile zilizo juu ya kitanda, na zile nyingine mkubwa wao azirudishe kabatini.

Shemeji alitokea, amewaona wakipita kutoka kisimani. "Mwalimu atakula hapa?"

"Atakula hapa."

"Na mimi?"

"Wewe umeshawahi kutokula hapa?"

Aliketi akanyoosha miguu. Fundi aliongeza viazi kutoka kwenye kikapu, idadi ya mtu mmoja, akafikiria, akaongeza ya shemeji. Alivimenya bila haraka, maganda yakidondoka marefu katika sinia. Cha mwisho kilikuwa na macho mengi. Aliyachimbua moja moja kwa ncha ya kisu, akakiosha, akakikata vipande na kukiachia ndani ya sufuria.